Pumzi Ndani ya Chupa

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua salamu hutangulia, lakini nisiposema sasa nitaogopa: Mama anaamini kwamba marehemu pacha wangu anakua ndani ya chupa, nami najua kinachokua mle si yeye. Sijamwambia mtu mwingine. Haya, nimeshasema. U hali gani? Goti lako limepona? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba yuko safarini na lori lake, na akipiga simu huuliza kama tumekula, basi.

Ulipoondoka baada ya maziko, Mama alikuwa hasemi. Sasa anasema, ila na asiyekuwapo. Unakumbuka Kurwa alivyokuwa akiongea mfululizo kama cherehani ya Mama, hata wateja wakisahau vipimo vyao? Mimi Doto nilikuwa nyuma ya pazia nikishona vifungo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu, Shangazi, asiyekuwapo ndiye mwenye nyumba.

Nilipomaliza mtihani wa mwisho, Mama aliniambia nivae vizuri, tunakwenda hospitali kubwa. Alikuwa amefunga msuko wa Kurwa katika kitambaa cha bitana. Alimwomba daktari amtengenezee mwanawe upya kutokana na nywele zile, kwa kuwa alisikia redioni kwamba wanyama wamenakiliwa. Daktari hakucheka. Alimweleza polepole kwamba kumnakili mtu sheria inakataza, na kamati ya maadili haiwezi hata kulijadili ombi hilo. Alisema kwa wanyama wenyewe mimba nyingi huharibika, na wengine huzaliwa wagonjwa, na hakuna mwenye haki ya kumjaribishia mtoto mambo hayo. Tena nywele zilizokatwa hazina seli hai. Kisha akasema kwamba hata ingewezekana, angezaliwa pacha aliyechelewa tu, mtu mwingine mwenye sura ileile. Na pacha wa namna hiyo Mama anaye tayari, maana sisi tulitoka katika yai moja.

Nadhani alitaka kumfariji. Mama aligeuka akanitazama, Shangazi, kama mtu aliyeona kitambaa alichokuwa akikitafuta. Hakuniona mimi. Aliona pa kukata.

Hakupumzika mpaka alipompata mtaalamu mmoja mwenye maabara yake ghorofani, juu ya duka la kuchapisha kadi. Huyo ni mcheshi. Aliponiona alisema mimi ni fotokopi iliyotoka vizuri. Alisema kutengeneza mtoto hathubutu, asije akafungwa, lakini kutunza seli hakuna aliyemkataza, na sheria hubadilika. Mama aliniuliza kama nitakubali. Unanijua, sijawahi kumkatalia mtu hata chumvi. Nilikunja mkono wa gauni, nikadungwa ganzi, wakachukua kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mchele.

Seli zilishika kwenye chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Mtaalamu alinionyesha kwa hadubini: vitu virefu vyembamba, vimelala sambamba kama nyuzi. Aliponiona nimependezwa, akaniajiri nioshe vyombo. Sharti lake kubwa ni barakoa, na chupa isifunguliwe popote ila chini ya feni ya hewa safi. Alisema pumzi ya mtu ina vijidudu vya kutosha kuua kila kilichomo.

Mama hupita kila jioni akifunga kazi. Husimama mbele ya kioo cha kabati na kusema, Kurwa, mama yako nimefika. Humsimulia wateja wa siku hiyo, nani kanenepa, nani kakataa kulipia mikunjo. Mimi niko pale pembeni na aproni, na uso uleule, nikingoja aseme hata habari za kazi. Siku moja aliniomba nisogee, namzibia.

Shangazi, sasa nakwambia lililobaki. Mtaalamu alisafiri, akaniachia niangalie joto la kabati tu. Niliitoa ile chupa, nikaiweka kwenye sinki, nikavua barakoa, nikafungua kizibo. Sikuwa na hasira. Ile ilikuwa ngozi yangu, ikiitwa kwa jina la dada yangu, na juu ya jina hilo hakuna aliyemwuliza Kurwa wala mimi. Niliweka mdomo kwenye mdomo wa chupa nikamwambia, Kurwa, nenda ukalale. Niliyasema polepole, pumzi yote iingie. Kisha nikaifunga na kuirudisha.

Nilitarajia zife kimya kimya. Badala yake, baada ya siku chache kilitokea kitu cheupe, laini kama pamba, kikatanda juu ya maji. Ni kuvu, Shangazi, kama la kwenye mkate. Mama alipokiona alipiga kelele za furaha. Alisema mwanawe ameanza, tena ana haraka kama alivyokuwa. Alicheka, mara ya kwanza tangu maziko. Akanikumbatia na aproni yangu yenye maji, akaniita Doto, akasema ahsante kwa kumtunza mwenzangu.

Nilikuwa nimelingoja jina hilo mwaka mzima.

Mtaalamu anarudi wiki ijayo. Ataimwaga ile chupa, kisha yeye na Mama watautazama mkono wangu wakitaka kipande kingine. Safari hii nimejizoeza kusema hapana. Naisema nikiosha vyombo, na sauti inatoka ndogo, lakini inatoka. Jana niliisema mbele ya kabati, na kwenye kioo nikamwona Kurwa akinitazama. Nilijua ni mimi. Hata hivyo nilimwomba radhi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti usilichokoze kwa ngazi. Nakuomba, Shangazi, usimwambie kaka yako, wala Mama akikupigia simu akikwambia Kurwa anakua, usimkatize. Mwache acheke siku hizi zilizobaki. Nitamwambia mwenyewe. Mpaka hapo, liwe lako na langu.

Ni mimi mwanao,
Doto