Chupa nyekundu ya mama

Marcelina, bado siamini. Safari yetu ya kwenda Dar ni ya siku mbili tu, na leo, siku ya kwanza, nimeshushwa garini kama mkimbizi.

Unajua tangu Warundi wanaokimbia vurugu kwao waanze kumiminika Kagunga, kule mpakani, kila gari linakaguliwa. Kwenye kizuizi, baada ya Kasulu, afande alinisalimu kwa Kirundi. Nami, Muha niliyelelewa vizuri, na Kiha chetu ni ndugu wa Kirundi, nikamwitikia kwa lugha ileile. Ulikuwa mtego, na kitambulisho changu nilikisahau nyumbani Rusimbi.

Akamuuliza Hidaya, aliyekuwa kwenye usukani, kama ananifahamu. Hidaya unamjua kwa mizaha. "Tumempa lifti tu, afande."

Lifti tu, Marcelina.

Nikapandishwa kwenye lori la kwenda kambini. Bibi mmoja Mrundi akanisogezea nafasi. "Kaa, mwanangu. Usiogope."

Lori lilipowashwa, kicheko kikamwisha Hidaya. Akampigia mama yangu, akampa afande simu. Sauti ya mama ilitufikia hadi juu ya lori: "Huyo ni wangu, baba. Tazama kwenye buti, ameondoka na chupa yangu ya chai, nyekundu, kifuniko kimepasuka. Mwambie airudishe."

Afande akaiona chupa, akacheka, akaniamuru nishuke.

Yule bibi akanishika mkono, akaninong'oneza: "Hongera, mwanangu. Huyo mama wa bandia mliyempata kwenye simu ni hodari kweli."

Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Nimemwachia ile chupa, imejaa chai. Tafadhali, pita sokoni unitafutie nyekundu nyingine, kisha uipasue kifuniko.