Msilikate Shamba la Baba

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Huruma, Eldoret, nikitumaini goti limepunguza kuuma na yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi mwili uko sawa, moyo ndio si mzuri. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwa simu ungeanza kulia nami ningenyamaza. Mke wa mdogo wangu Ochieng akusomee polepole.

Ulisema nije kabla ya mvua tugawe shamba la marehemu baba, na kwamba mimi kifungua mimba nisipotangulia kupanda, wadogo zangu hawawezi kutia mbegu. Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima nikiwa juu ya trekta.

Kuna mzee mmoja wa kijiji cha Ziwa, karibu na hapa, niliyekuwa nikimlimia kwa trekta tangu nilipokuja huku, Mzee Kibet. Shamba lake lilikuwa tambarare, lenye rutuba na mvua ya kutosha. Niliwahi kusindikiza mahindi yake kwa lori mpaka Turkana. Mama, ukishuka kule ni mawe na vumbi tu, na watu wamesimama wanangoja lori. Ndipo nilipoelewa kwamba nchi yetu ni kubwa kwenye ramani, lakini panapolisha watu ni padogo sana. Huku juu kukishindwa, kule chini watalala njaa.

Mwaka jana mzee aliwagawia wanawe. Aliogopa wasije wakagombana, akakata kwa urefu, vipande vyembamba, kila mmoja apate mlango wa barabarani na maji ya mto. Haki kabisa. Wakazungusha waya. Msimu wa kulima ulipofika nikaenda kama kawaida, nikakwama mwisho wa kipande cha kwanza.

"Geuza hapo, kijana," mzee akaniambia.

"Mzee, haiwezi geuka. Nitabeba waya ya mwanao wa pili."

"Si uinue plau urudi reverse?"

"Hata nikirudi, itabaki nusu haijalimwa."

Akaishika ile waya. "Basi wacha. Watalima na jembe."

Hawakulima. Mmoja aliuza kwa mtu wa mjini, sasa kuna vyumba vya kukodisha. Wengine wamepanda miti. Jumamosi nilimkuta mzee dukani pale Ziwa ameshika pakiti ya unga wa mahindi wa kununua. Aliponiona akaificha ndani ya koti. Nilizunguka nyuma ya duka nikalia, mama, sikufichi.

Letu halifiki hata robo ya lile, na upande wa kilima ni mawe matupu. Tukilikata vipande vitatu hakuna atakayeshiba. Kwa hiyo siji kugawa. Nitakuja siku moja tu, nitie mbegu ya kwanza ili mila isiwafunge, kisha Ochieng alime lote, akulishe wewe na kitinda mimba wetu. Najua wazee watasema nimejifukuza kwetu. Mwanamume asiye na kipande anachekwa, na mimi nitachekwa. Inaniuma sana.

Nisalimie shangazi anayekupikia ukiugua, na yule jirani fundi cherehani aliyenishonea yunifomu ya kwanza. Mwambie Ochieng asinibishie.

Nyumba yangu pale bomani mwibomoe, palimwe pia. Mniachie tu pa kunizika, kando ya baba.

Ni mimi mwanao,
Odhiambo