Bastola Iliyochukuliwa Runzewe

Mjukuu wangu Masanja,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako amerudi kutoka hospitali ya Kolandoto na macho yake sasa yanaona vizuri. Umeniuliza kama ununue bastola ya kulinda duka lako la dhahabu.

Nilipokuwa kijana nikinunua dhahabu pale Runzewe, nilikuwa na bastola yenye kibali. Mchana mmoja wanaume wawili waliingia dukani na mapanga. Niliitoa bastola nikawaelekezea. Nyuma yao, mlangoni, alisimama bibi yako, amembeba mgongoni mama yako Neema akiwa mchanga.

“Baba Neema, usipige!” alilia.

Sikupiga. Mmoja wao akaninyang'anya bastola, wakatokomea nayo pamoja na dhahabu. Niliripoti polisi siku ileile, lakini bastola haikupatikana.

Sikuamulii, mjukuu wangu. Dhahabu ile niliisahau mapema. Lakini mpaka leo, nikisikia mtu amepigwa risasi, iwe Kahama au Geita, huwa nataka kuuliza ni kwa bastola gani, halafu naogopa kujibiwa.

Mungu akutunze huko uliko.

Babu yako