Paka Juu ya Bomba

Zuhura, mke mwenzangu,

Siri hii sijamwambia mtu. Hapa Gongoni tu wazima. Umeniuliza kama mtambo wa serikali unaopasha joto mji wenu wa baridi huko ng'ambo kwa mabomba ya maji moto utapunguza moshi bila watu kutetemeka.

Enzi za Ujamaa, mama alifua mashuka hospitali, ambako tanuri moja la kuni lilipeleka maji moto wodi zote. Wodi ya wazazi yalifika yamepoa. Wote walisema, "Ongezeni kuni!" Mimi, binti mwenye haya, niliona paka wamelala juu ya bomba wakiota joto letu.

Nikalizungushia magunia niliyoiba uani kwa jirani. Mchochea moto akacheka: "Nani kalivika bomba kanzu?" Nikainamia mashuka ya mama. Maji yakafika moto, kuni zikapungua, paka wakahama.

Anzeni na bomba.

Jirani yule ndiye babu yako, mume wetu. Hadi leo anaulizia magunia yake. Nasikia kandambili zake mlangoni, naficha karatasi.