Masanja alipunguza sauti

Jumapili, Bariadi

Nimeshika simu mara nne nimpigie Shija, mpiga dramu, nimwambie nilimdanganya. Kila mara nimeiweka.

Masanja, mpiga gitaa wa bendi yao ya roki, alikuwa apige nyimbo zake mwenyewe leo Dutwa, baada ya bendi kumaliza. Waandaaji walipoona majina mawili kwenye tangazo, la bendi na lake, wakapanga kama kwenye mashindano ya mbina, ngoma za Wasukuma: majukwaa mawili yanayotazamana, wote wapige kwa pamoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi.

"Tupeni zamu," Masanja akaomba. "Hawa ni ndugu zangu."

"Kumbe unaogopa," mzee mmoja wa kamati akamjibu, watu wakacheka.

Wakaanza. Kufikia wimbo wa pili watu walikuwa wanahamia kwa Masanja. Nilikuwa kando ya spika yake na daftari langu la habari, nikamwona akipunguza sauti, mara mbili. Watu wakasogea karibu zaidi ili wamsikie. Mbele ya bendi wakabaki wauza karanga.

Wakati wa kufungasha vyombo Shija akanifuata. "Mwandishi, wewe ulikuwa karibu. Alipunguza sauti?"

Nilifikiri jibu la ndiyo lingemuumiza: kushindwa na mtu anayejitahidi ashindwe.

"Sikuona," nikasema.

"Basi alikusudia kutuaibisha."

Akapanda gari. Siti ya Masanja walikuwa wameshaijaza maspika.