Panya Ameshika Biskuti

Baba Neema, hujambo? Na huo mkono wa kushoto je?

Joto la Houston ni kama jikoni siku ya chapati. Jana Neema alinionyesha kwenye simu panya wa maabara yao aliyepigwa kiharusi kama wewe. Walimtia dawa iitwayo peptidi moja kwa moja ubongoni, na sasa anashika biskuti kwa mkono uliolegea! Nikaanza kuitafutia nafasi begini. Neema akacheka: "Mama, hiyo bado ni ya panya. Baba ameze tembe zake za presha."

Basi meza, na ufanye mazoezi. Nikifika utanipokea begi kwa mkono huohuo, na sitakusaidia.

Akupendaye,
Mama Neema