Mjane wa Tamthilia na Kuni za Anselmo

Mpendwa Dada Milagring,

Nisaidie kabla sijaitupa televisheni mtaroni. Mimi ni mama lishe hapa mjini Lipa, mjane wa miaka hamsini na tatu, napika supu ya mifupa ya ng'ombe, na kila saa tisa alasiri kibanda kinajaa watu, si kwa supu yangu bali kwa tamthilia ya Doña Amparing, yule mjane tajiri anayempenda dereva wake, na alipomtamkia dereva kwamba anampenda watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni binti yangu Jovelyn, akasema, "Jamani, bibi mzima! Hii haiingii akilini, watunzi wameishiwa!" na muuza samaki akadakia, "Huyo anahitaji dawa za presha, siyo mume!" nami damu ikanichemka, kwa sababu, Dada, nyuma ya jiko langu alikuwepo Anselmo, seremala, mgane, ambaye kwa miezi saba anakuja kila asubuhi na alasiri kunichotea maji na kunipasulia kuni, kama vijana wa zamani walivyohudumu nyumbani kwa binti wanayemtaka, na kila mtu anajifanya haoni, hata mimi, basi nikaogopa wasije wakanigeukia, nikapaza sauti kuwashinda wote nikasema, "Mwanamke wa umri ule akipenda ana wazimu, na mwanaume anayemfuata anafuata sufuria tu!"

Nilipokwenda nyuma nikakuta kuni zimepangwa vizuri, mwenyewe hayupo. Leo ni siku ya tisa hajaonekana. Nina hasira na wale watunzi, maana dereva hajamchotea Amparing hata ndoo moja, watu wataachaje kucheka? Niambie, mapenzi yale yanaaminika? Ukisema hayaaminiki nitajua nimeepushwa na aibu, nami nitanyamaza.

Mama Supu, Lipa

Mama Supu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imeniudhi.

Kuhusu Amparing nakujibu upesi: hapana, siamini. Mwanamke aliyeendesha kiwanda miaka ishirini hampendi mtu kwa kufunguliwa mlango wa gari mara tatu. Hapo umesema kweli. Lakini wateja wako hawakucheka haraka yake, mama, walicheka mvi zake, na wewe mwenye mvi ukawasaidia. Kuchekwa na mtoto uliyemzaa kunauma, pole sana. Ila waache watunzi wa watu. Wao hawakumtukana Anselmo. Umemtukana wewe.

Miezi saba! Na desturi yetu unaijua vizuri kuliko mimi: mwanaume akishahudumu hivyo, amekwisha kusema, anayesubiriwa kujibu ni mwanamke. Jibu pekee alilolipata kwako ni lile la sufuria, tena amelisikia akiwa na kuni zako mikononi. Halafu unaniuliza mimi habari za dereva wa kwenye televisheni? Una mapenzi ya kweli uani kwako, unaomba kibali cha gazeti!

Sasa sikiliza. Usimtume Jovelyn. Usimpelekee supu kwenye bakuli la kufunika kama anayeugua. Na usithubutu kumwambia kwamba ulikuwa unamsema Amparing, kwa sababu si mtoto yule. Kesho mchana nenda karakana kwake, muombe radhi mafundi wake wakisikia, kisha umwalike saa tisa. Akija, asipite nyuma jikoni. Akae mbele, nawe umwambie Jovelyn, "Huyu ndiye ninayempenda," kwa maneno hayohayo, bila kuchekacheka. Wakicheka wao, waache wacheke mpaka wachoke.

Na akikataa kuja, ana haki yake, usimlilie mlangoni. Rudi kibandani saa ileile, usimame mbele ya wateja wako wote na muuza samaki wako, useme kwa sauti uliyomtukania kwamba ulisema uongo kwa kuwaogopa wao. Hilo utalisema, Anselmo awepo asiwepo.

Dada Milagring